Dakika Kumi za Mzee Taratibu

Inspekta alikuwa amepiga magoti sakafuni tangu saa mbili na nusu asubuhi, anahesabu matundu ukutani. Mkononi alikuwa na penseli nyekundu, na kila tundu alilolipata alilizungushia duara. Alipofika la mia na kumi na saba mgongo ulimgomea. Akainuka, akajishika kiuno, akarudi nyuma hadi mlangoni ili autazame ukuta wote kwa mara moja.

Maabara ilikuwa chumba cha chini kabisa cha jengo, chenye dirisha moja jembamba karibu na dari. Katikati palikuwa na meza ya chuma, na juu ya meza jeki ya mafuta, nzito na fupi, iliyofungwa kwa bolti nne. Mkono wa kusukumia ulikuwa upande wa kulia. Koki ya kuachia ilikuwa upande wa kushoto. Hapo, siku tatu zilizopita, asubuhi ya siku ya mapumziko, kikombe cha chuma kilichokuwa kinabanwa kilipasuka. Pistoni yake ikasambaa vipande vipande chumba kizima, na kipande kimoja kisichozidi punje ya mahindi kikamwingia shingoni fundi wa maabara, mzee wa miaka hamsini na tisa, ambaye jengo zima lilimwita Mzee Taratibu.

Kamati ya usalama ya taasisi haikulaza damu. Profesa, mkuu wa maabara, alieleza kwamba alikuwa ofisini kwake ghorofani aliposikia mlipuko, akashuka mbio, akamkuta fundi ameanguka peke yake na kinga ya plastiki imeegemezwa ukutani bila kutumika. Kamati ikaandika ripoti yake kwa lugha iliyonyooka: fundi alibana peke yake, bila ruhusa, bila kinga, kwa haraka. Hilo la haraka walilitafutia na ushahidi. Saa mbili na dakika kumi asubuhi ile, binti yake alimpigia simu akamwambia afanye upesi arudi kumshika mjukuu, kwa sababu yeye alikuwa na zamu. Ripoti ilikuwa itiwe sahihi leo saa nane mchana.

Inspekta alikuwa na miaka ishirini na mbili kazini, na hakuwahi kupatana na ripoti za namna hii. Marehemu ni mtu rahisi mno kutwishwa mzigo. Habishi, haombi wakili, na hata ukikosea jina lake kwenye fomu hakusahihishi.

Na nje, kwenye benchi la korido, alikuwa amekaa binti mwenyewe. Alikuwa mkunga, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, na siku zote tatu alikuja akakaa pale pale, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Siku ya kwanza alimwambia Inspekta kwamba hatafuti kesi na mtu. "Nataka kujua kitu kimoja, afande," alisema. "Kama baba alikufa kwa sababu nilimwambia afanye upesi, niambie. Usinifiche kwa kunionea huruma." Inspekta alimwahidi. Tangu hapo, kila alipopita korido ile, aliikumbuka ahadi hiyo.

Koplo aliingia na daftari lake. Yeye juzi alikuwa ameng'ang'ania kwamba mkosaji ni fundi mashine wa karakana, aliyechonga kikombe kwa chuma kibovu. Wakatumia siku nzima kwa fundi mashine huyo, wakapimiwa chuma, wakaonyeshwa vyeti vya chuma, wakanywa na chai yake. Chuma kilikuwa kizima. Leo Koplo alikuwa amehamia kwa Dokta, mtafiti mwanamke wa hapo maabara, kwa kuwa watu walimsikia akizozana na Profesa jioni ya kuamkia siku ya msiba.

"Dokta tutamfikia," Inspekta alimkatiza. "Kwanza simama hapa uangalie ukuta. Unaona nini?"

"Matundu, afande."

"Na wapi hakuna?"

Koplo alitazama kwa muda. Kisha akanyoosha kidole. Vipande vya pistoni viliruka kila upande na kuutoboatoboa ukuta wote, isipokuwa sehemu mbili. Moja ilikuwa nyuma ya koki, upande wa kushoto, na ilikuwa na umbo la mtu. Hapo ndipo Mzee alipokuwa amesimama, na vipande vilivyokuwa viupige ukuta vilimpata yeye. Ya pili ilikuwa kulia, nyuma ya mkono wa kusukumia. Hii ilikuwa pana kama nusu mlango, na kingo zake zilikuwa zimenyooka juu na pembeni.

"Binadamu hana kingo zilizonyooka," Inspekta alisema. "Kailete ile kinga."

Kinga ilikuwa bamba la plastiki angavu, nene kama kidole gumba, lenye miguu ya chuma. Tangu siku ya tukio ilikuwa imeegemezwa ukutani, uso umeelekea ukuta, na katika watu wote walioingia humo hakuna aliyeona haja ya kuigeuza. Waliigeuza. Uso ule ulikuwa na makovu mapya arobaini na moja, na ndani ya mawili bado kulikuwa na chembe za chuma zilizonasa. Walipoisimamisha upande wa kulia wa jeki, kingo zake zililingana na kingo za pale pasipotobolewa ukutani kama kifuniko na sufuria yake.

Kwa hiyo kinga ilitumika. Kuna mtu alisimama nyuma yake, upande wa mkono wa kusukumia, na kipande hata kimoja hakikumgusa. Kisha akaiondoa pale ilipokuwa na kuigeuza. Mzee Taratibu alikuwa upande mwingine kabisa, na marehemu haamki kupanga vyombo.

Inspekta alitoka nje kwenda kumwita Dokta. Alipopita mbele ya benchi binti alimwinulia macho, naye akamwambia tu kwamba bado.

Wenye ufunguo wa maabara walikuwa watatu: Mzee, Dokta na Profesa. Dokta alikuwa mwanamke mwembamba aliyevimba macho kwa kulia, na hakuficha ugomvi ulivyokuwa. Mwaka jana Profesa alitangaza kwamba fuwele wanayoichunguza, ikibanwa ndani ya kikombe na kupozwa, inapoteza ukinzani wote, umeme unapita ndani yake bila kuzuiwa na chochote. Wakapongezwa na kualikwa huku na kule. Maabara nyingine ng'ambo ikajaribu, haikupata kitu. Dokta akarudia hesabu zote, akagundua kosa la kitoto, tena lao wenyewe. Nyaya mbili za dhahabu, nyembamba kuliko unywele, ziligusana kikombe kilipobanwa. Nyaya za kupimia zikigusana, kipimo husoma sifuri. Ile sifuri iliyowapa sifa haikuwa ya fuwele, ilikuwa ya nyaya. Alimwambia Profesa jioni ile. Profesa akamwambia atoke ofisini.

Asubuhi ya mlipuko, kuanzia saa mbili kamili hadi saa tatu na robo, Dokta alikuwa nyumbani kwake kwenye simu ya video na wale wa ng'ambo, watu watano, na mazungumzo yalirekodiwa. Koplo alipiga simu akathibitisha hilo, akafunga ukurasa kwa masikitiko.

"Nifundishe kazi yenu," Inspekta alimwambia. "Mimi umeme ninaoujua ni wa kulipia tu."

Dokta alichukua kalamu akachora mistari mirefu iliyolala sambamba. Fuwele yao, alieleza, ni sindano ndogo, urefu wake haufiki punje ya mchele. Ndani yake molekuli zimepangwa safu kwa safu, na umeme hupita kwenye safu tu, haujui kwenda kando. Ni kama watu kwenye korido nyembamba isiyo na milango. Mmoja akisimama, wote nyuma yake wamekwama. Ukiibana fuwele kwa nguvu, mara maelfu zaidi ya hewa inavyotubana sisi, safu zinasogeleana, na kati ya korido na korido inafunguka milango. Umeme unapata pa kupenya. Ukinzani unashuka.

"Kwa hiyo ukinzani ukishuka, mmebana."

"Ndiyo. Na ukipanda, tumeachia. Kompyuta inaandika kila sekunde, kipimo kikiwashwa tu."

Akaifungua rekodi ya asubuhi ile. Mstari ulianza juu kushoto saa mbili na dakika nane, ukashuka kwa ngazi, ngazi baada ya ngazi. Inspekta aliomba ahesabiwe. Zilikuwa ngazi ishirini na mbili, na kila moja ilifuata mwenzake baada ya dakika moja hivi. Dokta alipofika ngazi ya saba aliacha kuhesabu. Alirudi mwanzo akahesabu upya, kidole kikifuata mstari kwenye kioo.

"Huyu si Mzee," alisema.

"Unajuaje?"

"Mzee alikuwa anasukuma mara moja, anakaa dakika kumi. Lazima. Mafuta yaliyomo kikombeni ni mazito, na pistoni inang'ang'ania kwa msuguano. Ukisukuma, shinikizo halifiki ndani papo hapo, linafika polepole. Usipongoja utadhani hujabana vya kutosha, utaongeza. Utaongeza tena. Huku ndani linakuja lote, limechelewa tu." Alifuta macho kwa kiganja. "Alikuwa na kigoda chake na gazeti. Sisi tulikuwa tunamcheka. Ukimwambia tufanye dakika mbili mbili, anakujibu kwamba chuma hakina saa."

Inspekta aliuliza kama geji ya jeki haikuweza kumwonya mtu. Dokta alisema geji inaonyesha nguvu inayoisukuma pistoni, na sehemu ya nguvu hiyo inaliwa njiani. Kwa hiyo wao huiamini fuwele. Aliyesukuma aliitazama fuwele, akaona inashuka kidogo kidogo tu, akaendelea.

"Mafuta haya yamekuwa mazito siku zote?"

"Hapana. Zamani yalikuwa mepesi, shinikizo lilifika upesi. Yalibadilishwa miaka minne iliyopita, kabla sijaajiriwa. Mimi yale mepesi sijawahi hata kuyaona."

Inspekta aliliandika hilo, akalipigia mstari, akaagiza aletewe hati ya manunuzi ya mafuta hayo. Kisha akaonyesha mwisho wa mchoro. Baada ya ngazi ya ishirini na mbili mstari haukushuka tena. Ulianza kupanda, kwa ulaini, bila kuruka, kwa sekunde hamsini. Halafu ulikatika.

Dokta aliutazama muda mrefu. "Hapa kuna mtu anaachia," alisema hatimaye. "Anafungua koki. Na anaifungua inavyotakiwa, kidogo kidogo, kwa sababu ukiachia ghafla kikombe kinapasuka vile vile."

"Aliye nyuma ya kinga anaweza kuifikia koki?"

"Hawezi. Mkono haufiki. Lazima atoke azunguke."

Dokta alikuwa ameshaelewa ni nani alikuwa upande wa koki, akainamisha kichwa juu ya meza na kulia kwa sauti, na Koplo, ambaye nusu saa kabla alikuwa anataka kumfunga pingu, akaenda kumtafutia maji.

Ofisi ya Profesa ilikuwa ghorofa ya pili, safi, vitabu vimepangwa kwa kimo. Ukutani alikuwa ametundika mchoro ule wa mwaka jana ndani ya fremu, mstari unaoshuka hadi sifuri. Profesa alimkaribisha Inspekta kwa heshima, akamwagizia kiti, akasema msiba huu umemvunja mgongo. Walifanya kazi pamoja miaka ishirini na sita, yeye na fundi. Sauti yake haikuwa ya uongo. Inspekta alimwamini kwamba ana majonzi. Aliwahi kukutana na wengi waliolia kwa dhati huku wakidanganya.

Alimwambia amekuja kuuliza kitu kidogo tu cha kazi, ajaze fomu. "Mtu akibana kikombe, Profesa, akishasukuma mara moja, anangoja muda gani kabla ya kusukuma tena?"

"Dakika moja," Profesa alijibu bila kufikiri. "Ikizidi sana mbili. Kipimo kikitulia unaendelea."

"Wote hapa hufanya hivyo?"

"Ndivyo nilivyowafundisha."

"Mara ya mwisho wewe mwenyewe kubana ilikuwa lini?"

Profesa alihesabu kwa vidole. Akasema miaka sita, labda saba. Mambo ya utawala yalimtoa maabara.

Inspekta alifungua daftari, akamsomea, bila kupandisha sauti. Mafuta yalibadilishwa miaka minne iliyopita. Hati ya manunuzi ina sahihi ya Profesa. Tangu hapo kila mtu katika jengo hili hungoja dakika kumi. Aliyebana asubuhi ile alingoja dakika moja, mara ishirini na mbili, akiwa nyuma ya kinga.

Alitarajia akane. Wengi hukana hapo, kwa nguvu zaidi kuliko mwanzo. Lakini Profesa hakuwa anamtazama tena. Macho yake yalikuwa dirishani, midomo ikicheza kidogo, na Inspekta akatambua kwamba mtu huyu alikuwa anapiga hesabu.

"Mazito," Profesa alisema. "Kwa hiyo shinikizo ndani lilikuwa karibu mara mbili ya nilivyodhani." Kisha akajishika paji la uso. "Mimi nilifikiri ni chuma. Siku tatu hizi nimejiambia ni chuma."

Baada ya hapo hakuhitaji kubanwa. Alisema alitaka kurudia kipimo yeye mwenyewe, peke yake, ahakikishe kabla hajajikana mbele ya watu. Alichagua saa mbili kwa sababu siku za mapumziko Mzee huja saa tatu kujaza tangi la kupozea, na yeye hakutaka aonwe. Mzee akaingia saa mbili na nusu. Hakusalimia, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Alitazama kioo cha kompyuta, akatazama jeki.

"Aliniambia, 'Profesa, achia.' Nikamwambia bado kidogo. Akasema, 'Ndani kumeshajaa, achia.' Sikuelewa anasema nini. Nilidhani ni ule utaratibu wake." Profesa alikuwa anaongea kwa tabu sasa. "Mimi nilikuwa nyuma ya kinga. Yeye angeweza kutoka, mlango ulikuwa wazi. Akazunguka upande wa koki. Alikuwa anaifungua kidogo kidogo, ananiambia nisiguse kitu, nisitingishe meza. Kama mtu anayembembeleza mtoto."

Inspekta alimwacha amalize. Halafu aliuliza la mwisho, na aliliuliza kwa sababu lazima liandikwe.

"Ulipiga simu ya gari la wagonjwa kwanza, au uliondoa kinga kwanza?"

Chini barabarani lori lilipita, vioo vya dirisha vikatetemeka.

"Kinga," alisema.

Koplo aliitwa kuandikisha maelezo. Inspekta alisoma kila ukurasa, akamtaka Profesa atie sahihi kwenye kila ukurasa, akashuka na ripoti ya kamati mkononi. Ilikuwa saa saba kasoro.

Binti alisimama alipomwona. Inspekta alimrudisha kwenye benchi, akakaa naye bega kwa bega, akamweleza yote kwa mpangilio, kwa maneno ya kawaida. Baba yake hakubana kitu. Hakuacha kinga. Alikuta mtu mwingine amefanya kosa, na alikuwa analiondoa kwa namna sahihi, kwa mwendo ule ule aliofanyia kazi maisha yake yote. Kompyuta imeandika hivyo, sekunde kwa sekunde, na hakuna kamati itakayofuta.

Machozi yalimtoka binti bila sauti. Alishukuru. Akajifuta, akashukuru tena. Inspekta alikuwa ameanza kuinuka.

"Afande. Aliingia saa ngapi?"

Swali hilo Inspekta alikuwa amelibeba kuanzia ghorofani, ngazi zote, akiomba lisiulizwe. Angeweza kusema hajui. Maelezo ya Profesa yalikuwa kwenye mkoba wa Koplo, na mkunga huyu asingeyaona kwa miezi.

"Saa mbili na nusu," alisema.

"Siku za mapumziko anaingia saa tatu."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo asingekuta."

"Asingekuta, mwanangu. Kikombe kingepasuka mtu yuko nyuma ya kinga, na baba yako angekuja kufagia." Alimshika mkono. "Ulimwahisha. Hukumuua. Aliyemuua nimetoka kuchukua maelezo yake."

Binti alitazama mlango wa maabara. Kisha akaomba ile ripoti. Akaikuta ile sentensi ya haraka, akaisoma kwa kidole neno kwa neno, akaomba na kalamu. Ukurasa wa nyuma ulikuwa na nafasi ya maoni ya ndugu wa marehemu, mistari mitatu ambayo kwa kawaida hubaki mitupu. Aliandika kwa herufi kubwa, za kusomeka, kama wanavyoandika wakunga kwenye kadi za watoto:

"Baba hakuwa na haraka. Haraka ilikuwa yangu."

Akaweka jina lake kamili na sahihi. Inspekta alisoma, akataka kumwambia kwamba si lazima, akaona hana haki hiyo. Alitoa muhuri mkobani, akaugonga pembeni ya maneno yale, na kuipeleka ripoti kwa kamati ghorofani, pamoja na maelezo ya Profesa, bila kufuta neno la binti.